Duma Ametua Kilwa: Metali ya Nairobi Yapasua Sabufa

Jamani, nani alikuwa anatuficha muziki huu?

Nauliza kwa sababu albamu yenyewe si ya jana. Ilitoka Agosti 2020 chini ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikazunguka dunia, ikasifiwa na wachambuzi wa Ulaya na Marekani ambao hata Nangurukuru hawajui iko upande gani wa Rufiji. Sisi wa Kilwa na Lindi, watu tuliolelewa na ngoma tangu tumboni, tukaendelea na bongofleva zetu, hatuna habari. Sasa imenifikia. Nimeisikia wiki hii kwa mara ya kwanza, naandika masikio bado yanavuma, na anayetaka uchambuzi wa mtu aliyetulia aende kwingine. Mimi sijatulia.

Kundi linaitwa Duma, na albamu nayo inaitwa hivyo hivyo. Ni watu wawili tu, wote wa Nairobi: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, ndiye mwenye koo, Sam Karugu ndiye mwenye gitaa na mitambo. Wawili! Hakuna mpiga drams anayetoa jasho nyuma, hakuna mtu wa besi aliyesimama pembeni. Ukisikia kishindo kinachotoka utaapa wako ishirini, na nusu yao wamekasirika.

Muziki wenyewe ni metali, ile roki nzito ya magitaa yanayonguruma na waimbaji wanaofoka, ila hawa hawakuiacha walivyoikuta. Ngoma wamezikabidhi kompyuta, wakazitia kasi ambayo mkono wa binadamu hauiwezi, wakakoroga na kelele za viwandani, na juu ya yote hayo wakalifungulia koo la Spikeheart.

Chukua wimbo wa "Lionsblood". Unaingia bila hodi. Ngoma zinapigwa kwa kasi mpaka sikio linaacha kuhesabu na kuanza kusikia mvumo mmoja, halafu ndani ya mvumo huo unagundua kuna mapigo mengine, mazito, yanayokwenda kwa hesabu yao wenyewe. Hapo ndipo nilipojikuta nimesimama. Mapigo yanayopishana bila kugongana si mambo ya kujifunza kwa Wazungu, ni mambo ya kwetu. Aliyewahi kukaa karibu na wapigaji kwenye ngoma ya unyago huku kusini, kwa Wamwera, kwa Wamakonde, kwa Wamachinga, anajua: msondo una neno lake, ngoma ndogo zina maneno yao, na mchezaji ndiye anayechagua kiuno kimfuate nani na miguu imfuate nani. "Lionsblood" inakuachia uchague hivyo hivyo. Mara ya kwanza nilifuata kasi, nikachoka. Mara ya pili nikafuata yale mapigo mazito ya chini, na ghafla wimbo mzima ukafunguka, nikaanza kutikisa kichwa mwenyewe chumbani, mtu mzima na mvi zangu.

Gitaa la Karugu nalo usilisubirie lije na mlio wa sebene. Halichezi vidole, linatambaa kama moshi wa tanuru la chokaa: unalihisi kabla hujaliona, na likishaingia ndani ya nyumba halitoki.

Kisha sauti. Aliyeizoea metali atacheka nikieleza, lakini nawaandikia watu wa pwani ambao mara ya kwanza watadhani kuna mtu anachinjwa. Spikeheart hasemi kwa utaratibu ukamwelewa. Anafoka, anakoroma, anapiga yowe jembamba linalopanda mpaka unasema sasa litakatika, kisha analitupa chini linageuka mngurumo. Haya si makelele ya ovyo. Wanaoimba hivi hujifunza kutumia pumzi ya tumboni na kutikisa nyama zilizo juu ya nyuzi za sauti, ili nyuzi zenyewe zisichanike. Asiyejua akijaribu kwa koo tupu atakuwa bubu kesho yake. Mwimbaji wa namna hii anapiga ala, ila ala yenyewe ni mwili wake.

Na hapa niseme jambo kwa adabu, maana najua niko pwani. Huku kwetu tariqa ya Qadiriyya ina mizizi mirefu, na wengi tumekulia kwenye usiku wa dhikri, pale ambapo jina linarudiwa na kurudiwa hadi herufi zinayeyuka na kinachobaki ni pumzi ya kifuani, safu nzima ya wanaume wakiinama na kuinuka kwa pumzi moja. Silinganishi ibada na burudani, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba sikio la mtoto wa pwani si geni kwa sauti iliyovuka maneno. Mzungu wa kwanza kusikia metali alilazimika kuzoea. Sisi tuna pa kuanzia.

Basi nikasema, nisijipe raha peke yangu. Jioni nikaibeba albamu kwenye simu hadi kijiweni, Kilwa Masoko, pale vijana wa bodaboda wanapopumzika karibu na muuza supu ya pweza. Sabufa imewekwa juu ya kiti cha plastiki, waya umeunganishwa kwa gundi ya karatasi, kitambaa cha mbele kimetoboka hadi unaiona koni ya spika ikiruka. Nikaunganisha simu, nikaweka "Lionsblood", nikafungua sauti hadi mwisho. Koni ikaanza kutetemeka kabla sisi hatujasikia lolote la maana. Kiti kikasogea chenyewe.

Kijana mmoja akainua kichwa kutoka kwenye simu yake. "Kaka, hii singeli ya wapi?"

Singeli ya wapi! Nikamwambia si singeli, ni metali ya Wakenya. Hakujali. Alishaanza kupiga paja, na mwenzake alishaanza kuzungusha shingo. Mzee mmoja aliyekuwa anapita kutoka msikitini alisimama, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza kwa sauti ya upole kabisa ni nani aliyefiwa. Tukapunguza sauti kwa heshima yake. Alipopita, tukapandisha.

Lile swali la kijana limenikaa kichwani kuliko uchambuzi wowote. Kwa sababu alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Lebo iliyomtoa Duma ndiyo hiyo hiyo iliyotoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" mwaka 2017, kazi za vijana wa studio ya Sisso pale Mburahati, Dar es Salaam, uliowafanya watu wa Berlin waanze kutaja singeli bila kuumauma ulimi. Singeli inakimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Wapiga metali duniani kote hujisifu kwa kasi yao ya ngoma, ile ya miguu miwili na mikono miwili inayopiga hadi jicho halifuati, na mtoto wa Manzese au wa Mtanda hapo Lindi anayacheza mapigo ya kasi hiyo hiyo kwenye kigodoro cha kumtoa mwali bila kujisifu kokote. Miguu yetu ilishafika huko zamani, masikio ndiyo yanayofuata.

Na huo mkwaruzo je, ule uchafu wa sauti ambao ndio roho ya metali? Nao tunao. Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, na wapiga mchiriku wa Dar walikuwa hawana pesa ya mitambo safi: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, na sauti inapitishwa kwenye honi za kutangazia mpaka inatoka imechanika. Jagwa Music wa Mwananyamala walipotoa albamu yao Ubelgiji mwaka 2012, Wazungu waliisifu kwa ukali huo huo wa sauti iliyoungua. Shangazi zetu walikuwa wakiita kelele. Sasa inaitwa sanaa. Haya.

Ukitaka kujua metali yenyewe ilizaliwaje, hadithi haina utukufu mwingi, na ndiyo maana naipenda. Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda vya chuma. Kijana Tony Iommi, wa miaka 17, yuko kazini kwenye mashine ya mabati, inamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na yeye ni mpiga gitaa wa kushoto, vidole hivyo ndivyo vinavyobana nyuzi. Mwingine angeuza gitaa. Yeye akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea ncha za bandia, na baadaye akawa analegeza nyuzi ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegezwa zikatoa sauti nzito, ya chini, ya kutisha. Kundi lake, Black Sabbath, lililotoa albamu ya kwanza mwaka 1970, likaipa dunia muziki mpya. Nani huku kwetu haelewi hadithi ya mtu anayeunga kwa alichonacho? Ile sabufa ya gundi ya karatasi ingemkaribisha Iommi kwa mikono miwili.

Na kabla mtu hajaniambia roki si ya Mswahili, nimkumbushe kwamba Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, na kwamba wimbo wa Queen uitwao "Stone Cold Crazy", wa mwaka 1974, ulikuwa mkali kiasi kwamba Metallica waliurudia na kushinda nao tuzo ya Grammy ya metali mwaka 1991. Sitaki kumgeuza Freddie kuwa mpiga ngoma wa Malindi ya Unguja. Nasema tu mlango ulikuwa wazi siku nyingi.

Turudi kwa vijana wetu wa Nairobi, maana safari yao ndiyo inayonisisimua kuliko hata kelele zao. Hawakuanguka kutoka mbinguni. Nairobi ilikuwa na kijiji chake cha metali kwa miaka: redio ya roki, X FM, iliyowalea masikio, na makundi ya Last Year's Tragedy na Parking Lot Grass yaliyopiga kwenye mabaa na kumbi ndogo mbele ya watu waliovaa fulana nyeusi juani. Ni umma mdogo, unaojuana kwa majina, unaoambiwa na majirani kwamba muziki wake ni wa shetani. (Huku kwetu neno hilo halimtishi mtu sana. Pwani tumewapigia mashetani ngoma makusudi, usiku kucha, na ubani juu.) Khanja na Karugu walitoka humo humo, kwenye makundi ya Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Walikuwa wameshajua kupiga metali inavyopigwa kitabuni.

Mwaka 2019 wakaunda Duma, wakaenda Kampala, wakajifungia kwenye studio za Nyege Nyege miezi mitatu. Fikiria watu hao wa Nairobi wanaishi nyumba moja na watayarishaji wa Uganda, watu wa singeli wanaingia na kutoka, kila chumba kina kompyuta inayopiga kitu ambacho hakina jina bado. Wangeweza kurekodi albamu ya kawaida ya magitaa na kurudi nyumbani. Badala yake wakaacha jirani awaharibu, na sauti waliyotoka nayo haikuwa ya Nairobi tena wala ya Kampala. Kuna wimbo humo unaitwa "Uganda with Sam", na jina hilo peke yake linatosha kuwa kumbukumbu ya safari.

Watu wa Kilwa tunaijua safari ya namna hii. Tumesahau tu kwamba tunaijua. Kilwa Jazz, bendi ya Ahmed Kipande, haikupata umaarufu wake kwenye ufukwe wa Kivinje. Ilibeba jina la kwetu ikaenda kuling'arishia Dar es Salaam, ikasimama kwenye miaka ya 1960 bega kwa bega na Dar es Salaam Jazz na NUTA, magitaa ya umeme mkononi, rumba ya Kongo na ya Kuba kwenye santuri za jirani, na Kiswahili cha pwani mdomoni. Nao waliambiwa wanapiga muziki wa kigeni. Leo ukiwapiga kwenye harusi Lindi, wazee wanafuta machozi na kusema huu ndio muziki wetu wa asili. Kabla yao babu zetu walilichukua tarumbeta na gwaride la Mzungu wakalifanya beni, Marini huku na Arinoti kule, mashindano ya sare na vyeo vya kujipa, na ngoma hiyo ilichezwa hadi Lindi. Sijaona miaka ambayo pwani hii ilikaa bila kukiiba kitu cha wageni na kukifanya chake. Kwa nini tuogope gitaa lililochafuka?

Halafu kuna sura ya pili, na hapa ndipo niliposhika kichwa.

Baada ya Duma, Spikeheart ameingia njia yake peke yake. Tarehe 19 Aprili 2024 alitoa albamu yake ya kwanza ya kujitegemea, "The Adept", kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu. Kaita wageni wa kila pembe, akiwemo Backxwash, rapa mzaliwa wa Zambia anayeishi Kanada. Ni albamu pana kuliko ile ya Duma: kuna rapu ndani yake, kuna mitambo ya kucheza usiku, kuna mahali kasi inaondolewa kabisa na kinabaki kishindo kinachotembea. "Emblem Blem" ndiyo niliyoirudia hadi betri ikakata.

Lakini kilichonishika ni kwamba ameijenga juu ya kumbukumbu ya Mau Mau na ya bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepanda hadi cheo cha ujemadari msituni na kufariki Septemba 2023. Mama huyo alizifuga nywele zake tangu enzi za msitu na hakuzikata hadi mwaka 2022. Sasa msikilize Spikeheart ukiwa na habari hiyo kichwani. Lile yowe linabadilika. Unaacha kusikia kijana aliyekasirika, unasikia mtu anayepokea kilio cha watu waliofunzwa kulia kimya.

Nilipofika hapo nikajikuta nauliza: na sisi je?

Maana Kilwa ndipo ilipowaka Maji Maji. Julai 1905, Nandete, kwenye milima ya Wamatumbi, watu waling'oa pamba ya kulazimishwa na vita ikaenea sehemu kubwa ya kusini. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa maji hayo, alinyongwa na Wajerumani Mohoro mwanzoni mwa Agosti mwaka huo. Miaka kumi kabla yake, Hassan bin Omari Makunganya, naye aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa Kilwa Kivinje. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii hii ya kusini, aliifanya habari ya Maji Maji kuwa tamthilia, "Kinjeketile", iliyochapishwa 1969 na kusomwa na kila aliyepita sekondari. Tumeandika vitabu, tumejenga minara, tumefanya makongamano yenye maji ya chupa mezani. Muziki mkali wa Maji Maji uko wapi? Muziki wa watu waliosimama mbele ya bunduki za rashasha wakiwa na imani na mikuki? Gitaa la kwaya haliwezi kuibeba habari hiyo. Taarabu nayo, naipenda mno, lakini haiwezi. Hii sauti ya Spikeheart inaweza. Nimeisikia, nakuapia inaweza.

Na wala si historia peke yake. Wiki mbili baada ya "The Adept" kutoka, kimbunga Hidaya kikaja, mwanzoni mwa Mei 2024, mvua ikaikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, mabasi na malori yakalala foleni, na kusini yote ikabaki kisiwa. Mwenye kuukumbuka upepo wa usiku ule na bati lililokuwa linagonga kwa jirani aweke "Angels and Abysses", wimbo unaofungua albamu ya Duma, aone kama usiku huo hautamjia tena.

Kasoro? Zipo, hata aliyependa ana macho. Kwanza maneno. Majina ya nyimbo karibu yote ni ya Kiingereza, na hata pale Spikeheart anapotamka kitu, nusu kinamezwa na mngurumo. Najua ndivyo metali ilivyo, lakini jamani, Kiswahili kina irabu zilizo wazi, zilizoumbwa kwa ajili ya kupigiwa yowe. Mtu akiachia "aaa" ya mwisho wa neno la Kiswahili kwa koo lile, paa litaondoka. Kuna "Pembe 666" inayotuchokoza kwa jina tu na kutuacha na kiu. Pili, albamu ya Duma haina mahali pa kupumzikia. Ni fupi, haifiki hata saa moja, lakini ukiisikiliza mfululizo kwa mara ya kwanza, katikati unaanza kupoteza wimbo upi ni upi. Ushauri wangu ni kuigawa: nusu leo, nusu kesho. Tatu, na hili si kosa la wasanii, kuisikiliza huku kwetu ni kununua bando na kuomba mtandao usikatike. Hakuna redio ya Lindi iliyoicheza masikioni mwangu. Kama ipo, naomba radhi, na naomba muda wa kipindi.

Sasa niseme na watu watatu, kisha nikapumzishe masikio.

Waandaaji wa Sauti za Busara, mnaojaza Ngome Kongwe kila Februari: mleteni Spikeheart. Msimweke saa kumi jioni watu wakiwa wanatafuta juisi ya miwa. Mwekeni usiku, mumpe spika za kutosha, na muweke wapigaji wa msondo kutoka kusini jukwaa hilo hilo.

Vijana wa studio za Kilwa Masoko na Lindi mjini, ninyi mnaotengeneza singeli kwenye kompyuta moja yenye feni inayolia: kazi yenu ya leo iko hatua moja tu kutoka hapa. Mnajua kasi. Mnajua ngoma za bibi zenu, na kama hamzijui, msimu wa jando na unyago ukifika nendeni mkarekodi kwa ruhusa na kwa heshima. Tafuteni gitaa, hata bovu, lipitisheni kwenye amplifaya iliyochoka. Mkishapata kitu, hata dakika moja, nitafuteni kijiweni, nitakisikiliza hadi mwisho.

Na wewe msomaji. Duma naipa nyota nne na nusu kati ya tano, ile nusu nimeishikilia hadi Spikeheart atakapofoka kwa Kiswahili. "The Adept" naipa nne, na huenda mwezi ujao nikaiongeza. Usiisikilize kwenye spika ya simu, utaisingizia. Azima sabufa, anza na "Lionsblood", na wajulishe majirani mapema kwamba hakuna aliyefiwa.